Uzi: Eyam, kijiji cha Uingereza kilichojifungia wakati wa tauni, na mawe yanayotunza habari zake

Mwanamlima wa Lushoto

Wanajamvi, nawasalimu nyote kwa heshima.

Mimi ni mzaliwa wa milima ya Usambara, na wale waliokulia wilaya ya Lushoto miaka ya themanini wanafahamu kwa nini neno tauni halikuwa kwetu neno la kwenye vitabu vya dini peke yake. Ugonjwa ule uliingia kwetu mwaka 1980 na ukawa unarudi mara kwa mara kwa zaidi ya miaka 20, ukapata watu zaidi ya 7,000. Nakumbuka mama akituhamisha kulala sakafuni, akipandisha mahindi darini na kuyashusha tena baada ya kuambiwa kwamba huko juu ndiko panya wanakozaliana. Nakumbuka pia mtoto wa jirani aliyetembea akiwa amechanua miguu kwa sababu ya mtoki uliomvimba kinenani. Yeye alipona, kwa kuwa dawa zilikuwapo.

Ndiyo maana nilipopata nafasi ya kufika kaskazini ya kati ya Uingereza, mahali pa kwanza nilipopataka hapakuwa London wala uwanja wa mpira, bali kijiji kidogo cha mkoa wa Derbyshire kiitwacho Eyam, ambacho wenyeji wenyewe hulitamka jina lake kwa mkato, kama mtu asemaye «Iim». Kina wakazi wasiozidi elfu moja hivi, kimekaa kwenye mteremko wa vilima ndani ya hifadhi ya Peak District, nyumba zake ni za mawe ya kijivu, na barabara yake kuu ni moja tu, inayopinda taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho wa kijiji. Zamani watu wake waliishi kwa kufuga kondoo na kuchimba madini ya risasi. Kando ya barabara hiyo yapo mahori ya mawe yaliyokuwa yakipokea maji kutoka chemchemi za mlimani, mpango wa maji ambao wenyeji wanasema ulianza mwaka 1588. Mtu akipita kwa gari asiyejua habari zake ataona kijiji kizuri, atanunua chai, ataondoka.

Mimi naomba tukitembee kwa miguu.

Tuanzie magharibi ya kanisa, kwenye safu ya nyumba tatu nne ndogo zenye bustani za maua mbele. Hapo ndipo ugonjwa ulipoingilia. Mapema mwezi Septemba 1665, wakati London ikizika maelfu kwa tauni, robota la vitambaa lilifika kutoka huko kwa mshonaji wa kijiji aliyeitwa Alexander Hadfield. Kibarua wake, George Viccars, alilifungua, akakuta vitambaa vina unyevu, akavitandaza mbele ya moto vikauke. Ndani ya vitambaa walikuwamo viroboto. Viccars alizikwa tarehe 7 Septemba, na baada yake wakafuata watoto wawili wa kambo wa Hadfield, Edward na Jonathan Cooper, kisha majirani, na hatimaye Hadfield mwenyewe. Mbele ya nyumba hiyo pamewekwa kibao cha kijani kinachotaja majina ya waliokuwa wakiishi humo, na kinaeleza kwamba mama wa nyumba, Mary, ndiye pekee aliyesalia, akiwa amepoteza ndugu na jamaa 13. Hatua chache kutoka hapo kipo kibao kingine cha nyumba ya ukoo wa Thorpe: walikuwa tisa, wakafa wote tisa.

Nilisimama mbele ya kibao hicho cha pili kwa muda mrefu. Wakati huohuo mwenye nyumba wa sasa alikuwa ndani, taa imewashwa jikoni, anaosha vyombo. Watu bado wanaishi katika nyumba hizo, na sidhani kama kuna makumbusho yoyote yanayoweza kumweleza mgeni jambo hili kama linavyojieleza lenyewe pale.

Mwanamlima wa Lushoto

Naendelea.

Baridi ilipoingia vifo vilipungua, watu wakadhani shida imepita. Majira ya joto ya mwaka 1666 ugonjwa ukarudi kwa nguvu, na mwezi Juni ndipo ulipofanyika uamuzi uliokifanya kijiji hiki kijulikane. Kasisi wa parokia alikuwa kijana wa miaka 28 hivi, William Mompesson, ambaye alikuwa mgeni kwani hata miaka miwili na nusu alikuwa hajaimaliza pale, na waumini wengi hawakuwa wamemkubali. Mtangulizi wake, Thomas Stanley, alikuwa Mpuritani aliyeondolewa kwa kukataa kufuata taratibu za ibada zilizoamriwa na serikali baada ya mfalme kurejeshwa, lakini watu walikuwa bado wanampenda. Wawili hawa hawakuwa na sababu ya kukaa meza moja. Walikaa. Mompesson alijua kwamba bila kauli ya Stanley hakuna atakayemsikiliza, na Stanley akakubali kusimama pamoja naye mbele ya watu.

Walikubaliana mambo matatu. La kwanza, kila familia izike maiti wake yenyewe, karibu na nyumba yake, badala ya kuwapeleka makaburini kanisani. La pili, kanisa lifungwe na ibada zifanyike nje, ambako watu wangeweza kusimama mbalimbali. La tatu, ambalo ndilo zito, mtu asitoke nje ya mipaka ya kijiji hadi ugonjwa uishe.

Ukitaka kuona jinsi jambo la tatu lilivyowezekana, fuata njia ya miguu inayotoka kijijini kuelekea kijiji jirani cha Stoney Middleton, upande wa kusini-mashariki. Katikati ya malisho utakuta jiwe kubwa limelala kwenye majani, halina uzio wala mlinzi. Juu yake yametobolewa matundu sita ya mviringo. Watu wa Eyam walitia sarafu ndani ya matundu hayo na kuyajaza siki, wakiamini kwamba siki huua sumu ya ugonjwa, kisha wakarudi nyuma. Watu wa Stoney Middleton wakaja, wakachukua fedha, wakaacha chakula na dawa. Nilitia kidole katika tundu moja. Kingo zake ni laini kabisa, zimelainishwa na vidole vya wageni na watoto wa miaka mingi, na siku ile lilikuwa na maji ya mvua na jani moja lililooza.

Upande wa kaskazini, juu ya kilima, ipo chemchemi inayoitwa Kisima cha Mompesson, ambako maji yenyewe yalitumika badala ya siki: fedha ziliachwa majini zioshwe. Sehemu ya mahitaji ilitolewa na kabaila mkubwa wa eneo hilo, Earl wa Devonshire, aliyekuwa na jumba lake Chatsworth, si mbali na hapo. Naona inafaa kulisema hili waziwazi, kwa sababu mara nyingi habari za Eyam husimuliwa kana kwamba watu walijifungia kwa imani tupu. Walikuwa na imani, lakini pia walihakikishiwa mkate. Anayemwambia maskini abaki ndani bila kumwambia atakula nini anamwambia jambo lisilowezekana.

Mwalimu Mstaafu

Nakushukuru, kijana wangu, kwa maelezo yaliyopangika. Nina maswali mawili, na nayauliza kwa nia njema kabisa.

Kwanza, tunajuaje kwamba watu hawa walikubali kwa hiari? Katika maisha yangu ya kazi nimeona mikutano mingi ya vijiji ambayo kumbukumbu zake ziliandikwa kwamba wananchi waliafiki kwa kauli moja, ilhali mimi nilikuwapo na nilisikia walivyonung'unika. Pili, kuwafungia watu wazima pamoja na wagonjwa mahali pamoja, hakukuwa sawa na kuwaongezea vifo ambavyo vingeepukika?

Mwanamlima wa Lushoto

Shikamoo, mwalimu. Maswali yako yote mawili ndiyo yanayogonga moyo wa jambo lenyewe, nami nitayajibu kadiri nijuavyo.

Kuhusu hiari, tulicho nacho kilichoandikwa wakati uleule ni kidogo. Zipo barua tatu za Mompesson mwenyewe, na lipo daftari la parokia lenye majina ya waliokufa, ambalo nakala iliyopo iliandikwa miaka kadhaa baadaye. Mengi ya yale yanayosimuliwa leo, yakiwamo mazungumzo na mapenzi ya vijana waliotazamana kutoka pande mbili za korongo, yalikusanywa na mwenyeji wa kijiji, William Wood, katika kitabu alichokitoa mwaka 1842, yaani karibu miaka 180 baada ya tukio. Wanahistoria wa siku hizi wamelionya jambo hilo, na wako sahihi. Tunajua pia kwamba si wote waliobaki. Familia kadhaa zenye uwezo ziliondoka mapema, na Mompesson mwenyewe aliwapeleka watoto wake wawili kwa jamaa zao Yorkshire kabla ya mipaka kufungwa. Wengi waliobaki hawakuwa na pa kwenda, kwa kuwa msimu ule mtu aliyejulikana kuwa ametoka Eyam angefukuzwa kwa mawe katika soko lolote.

Hata hivyo, mwalimu, sioni kwamba hayo yanafuta uamuzi wao. Hapakuwa na askari waliozunguka kijiji kile. Vilima ni vya wazi, njia za miguu ni nyingi, na usiku wa kule una giza la kutosha kumficha mtu na mzigo wake. Nimeitembea njia ya kwenda Stoney Middleton, na kutoka nyumba za mwisho hadi jiwe la mpaka ni mwendo wa dakika chache tu. Watu waliokuwa wakizika watoto wao walilifikia jiwe lile, wakaacha fedha, wakageuka wakarudi. Waliweza kunung'unika, na naamini walinung'unika sana, lakini waligeuka wakarudi, na tauni haikusambaa katika vijiji vya jirani.

Kuhusu swali la pili, jibu ni chungu. Mwaka 2016 ulichapishwa uchunguzi wa kitakwimu uliotumia majina na tarehe za vifo vya Eyam, nao ulikadiria kwamba takribani robo tatu ya maambukizi yalipita kutoka kwa binadamu kwenda kwa binadamu, si kutoka kwa panya moja kwa moja. Huenda ni kwa viroboto na chawa wa mwilini, au kwa njia ya kifua. Maana yake ni kwamba wale waliokaa nyumba moja na mgonjwa walikuwa katika hatari kubwa kuliko tulivyodhani zamani. Kuhamishia ibada nje kulisaidia. Kufungwa pamoja hakukuwasaidia wao, kuliwasaidia wengine. Sina namna ya kulisema kwa upole zaidi ya huo.

Kuhusu hesabu, Mompesson aliandika mwezi Novemba 1666 kwamba familia 76 ziliingiliwa na watu 259 walikufa, na daftari la parokia linakaribiana sana naye. Zamani ilisemwa kwamba kijiji kilikuwa na watu 350 tu. Watafiti wa karibuni wanaona walikuwa wengi zaidi, labda 700. Hata ukichukua hesabu hiyo kubwa, ni zaidi ya mtu mmoja katika kila watatu, na ndani ya miezi 14. Mwezi Agosti peke yake ulichukua watu 78.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Umenijibu bila kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nami nimeridhika. Hilo la mkate nimelipigia mstari.

Bi Mkubwa wa Mvita

Assalaam alaykum jamaa. Nimeusoma uzi huu tangu jana usiku, na nimerudi kwa sababu kuna watu ambao nahisi wamepitwa kwa haraka. Tumesikia habari za makasisi wawili, mshonaji na kabaila. Wanawake wa Eyam walifanya nini? Tena nimewahi kusikia kwamba katika kanisa la kijiji hicho kuna saa ya jua yenye jina la Makka. Je, ni kweli?

Mwanamlima wa Lushoto

Waalaykum salaam, mama. Nashukuru kwa kunikumbusha, na niwie radhi kwa kuchelewa kujibu.

Saa ya jua ipo kweli, na jina la Makka limo. Iko juu ya ukuta wa kusini wa kanisa la Mtakatifu Laurenti, ni ya mwaka 1775, yaani zaidi ya karne moja baada ya tauni. Ni ubao mkubwa wa jiwe uliochorwa mistari mingi iliyopishana kama utando wa buibui, na kandokando yake yamechongwa majina ya miji ya mbali ili kivuli kinapopita mtu ajue pia ni saa ngapi huko. Nilimwomba kijana mmoja aliyekuwa na darubini ndogo anisomee, kwa kuwa herufi zimeliwa na mvua. Aliponitajia Makka nilihisi ajabu, kwamba mchimbaji wa risasi wa kijiji kile, asiyewahi kuiona bahari, angeweza akitoka ibadani kuinua macho akajua saa ya Makka.

Katika uwanja huohuo wa kanisa umesimama msalaba wa jiwe wa karne ya 8, ambao kipande cha nguzo yake kimepotea, kwa hiyo unaonekana mfupi na kichwa kikubwa. Karibu nao lipo kaburi la mwanamke wa kwanza nitakayemtaja. Catherine, mke wa Mompesson, alikuwa na miaka 27. Mumewe alimsihi aondoke na watoto, naye akakataa, akabaki akiwatembelea wagonjwa. Inasimuliwa kwamba jioni moja ya Agosti walikuwa wakitembea shambani, akasema hewa inanukia vizuri ajabu, na mumewe akanyamaza, kwa sababu ilikuwa ikiaminika kwamba kuhisi harufu tamu ni dalili ya ugonjwa kuingia. Alikufa tarehe 25 Agosti 1666. Alizikwa hapo kanisani ingawa wengine walikwisha kuzikwa mashambani, na kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Agosti, watu hukumbuka msiba huo kwa maandamano na ibada katika korongo lilelile la Cucklet Delf walikosali mababu zao, na maua huwekwa juu ya kaburi lake.

Korongo lenyewe nililishuka. Ni bonde la majani mafupi, upande mmoja una mwamba wenye matundu makubwa kama milango, na inasemwa kwamba Mompesson alisimama katika mojawapo akihubiri. Nilijaribu kusema maneno machache nikiwa chini ya mwamba ule, na sauti ilifika mbali bila kupaza. Bila shaka yeyote aliyepachagua alikuwa anapajua tangu utotoni.

Lakini mwanamke ambaye sijaweza kumwacha nyuma ni Elizabeth Hancock.

Bi Mkubwa wa Mvita

Tusimulie, mwanangu. Tumekaa.

Mwanamlima wa Lushoto

Ukitoka Eyam kwa upande wa mashariki, njia inapanda polepole hadi kwenye shamba la Riley, mwendo wa kama robo saa. Wakati wa tauni familia mbili zilikuwa zikiishi upande huo, na kina Hancock walikuwa mojawapo. Walikuwa mbali na msongamano wa kijiji, na kwa miezi mingi ugonjwa haukuwafikia. Wengi wanaamini ulipanda kwao baada ya majirani kuugua.

Kati ya tarehe 3 na tarehe 10 Agosti 1666, Elizabeth alizika mume wake John na watoto wao sita. Siku nane. Kwa kuwa kila familia ilitakiwa izike watu wake, na kwa kuwa hakubaki mwingine nyumbani mwenye nguvu, aliwachimbia makaburi mwenyewe, na simulizi ya pale inasema aliwavuta kwa kitambaa alichowafunga miguuni ili asiwaguse, huku akiwa amejifunga leso puani. Watu wa Stoney Middleton walikuwa wakimwona kutoka kilima cha pili. Hawakuweza kuja.

Leo mahali pale pamezungushiwa ukuta wa mawe yaliyopangwa bila chokaa, wa mviringo, katikati ya malisho, na mti karibu. Ndani kuna kaburi moja la juu kama meza na mawe sita madogo yaliyosimama. Mawe hayo yalikusanywa baadaye yakawekwa karibu-karibu, kwa sababu kila mmoja alizikwa pale mama yake alipoweza kumfikisha. Nilifungua kilango, nikaingia, nikahesabu. Nyasi zilikuwa zimekatwa siku si nyingi. Kondoo walikuwa wakila nje ya ukuta, wakisugua migongo yao kwenye mawe. Kutoka pale unaona bonde lote la chini na upande wa pili walikosimama wale waliomtazama, na kwa kweli si mbali. Mtu akipunga mkono anaonekana.

Nilimfikiria mama yangu na mahindi yake ya darini.

Kijana wa Kigamboni

Nawasalimu wakubwa zangu wote humu. Mimi nasoma Sheffield na sikujua kabisa kwamba kijiji hiki kipo karibu nami hivyo. Naomba kujua namna ya kufika, na kama kuna kingine cha kuangalia nikiwa huko. Pia ningependa kujua mwisho wa wale makasisi wawili.

Mwanamlima wa Lushoto

Mdogo wangu, kutoka Sheffield yapo mabasi yanayopita upande ule wa milimani; ulizia kituo kikuu cha mabasi, na uangalie muda wa basi la mwisho kurudi, hasa Jumapili. Vaa viatu vya kukanyagia matope hata kama jua limewaka. Anza na jumba la makumbusho la kijiji, kisha nyumba zenye vibao, kisha kanisani, ambako kuna dirisha la vioo vya rangi lililowekwa mwaka 1985 likionyesha habari yote ya tauni. Mbele kidogo utaona jumba kubwa la Eyam Hall, lililojengwa miaka ya 1670, na ng'ambo ya barabara kuna mkatale wa zamani ambamo wakosaji walifungwa miguu. Jiwe la mpaka na shamba la Riley uyaache ya mwisho, uyapate jioni.

Ukifika mwisho wa Agosti utakuta visima vimepambwa, desturi ya mkoa ule: watu hutandaza udongo mbichi wa mfinyanzi juu ya mbao, wakachomeka petali za maua moja moja mpaka zitoe picha kamili, kisha wakaisimamisha penye maji. Huchukua siku kadhaa kutengeneza na hunyauka kwa juma moja tu.

Stanley alikufa mwaka 1670 palepale Eyam. Mompesson alihamishwa mwaka 1669 kwenda parokia ya Eakring, Nottinghamshire, na waumini wa huko walimwogopa kwa sababu ya alikotoka, hata ikambidi kwanza aishi kando, kwenye kibanda ndani ya msitu wa kabaila, akihubiri chini ya mti. Tauni ilikuwa imekwisha karibu miaka mitatu nyuma. Aliishi hadi mwaka 1709.

Na Elizabeth Hancock, mama Mvita, kwa kuwa najua utauliza: alikuwa na mwana mmoja aliyesalia, aliyekuwa amepelekwa Sheffield kujifunza kazi kabla ya tauni. Baada ya kuwazika wale saba alifunga nyumba, akashuka kilima, akaenda kwake.